Kamba Ambayo Egidius Hakuifungua

Egidius alimwita Wilhelmina mwizi mbele ya watu mia tatu, huku akijua kwamba hajaiba. Kosa ni hilo. Mengine yote yaliyofuata, mito ya kulalia kuchanwa uani, nafasi yake kwenye mtumbwi kupewa mwingine, watu kubadili njia wasije wakalazimika kumsalimia, ni watoto wa kosa hilo moja, na baba yao anajulikana.

Wilhelmina ni mtu wa Lumemo. Umri wake ni miaka hamsini na miwili, na hakusoma. Shule aliionja wiki tatu, mama yake akaugua, akarudishwa nyumbani kulea wadogo zake, habari ya kalamu ikaishia hapo. Kila asubuhi anachoma vitumbua vya mchele kando ya barabara iendayo soko la Ifakara, na wateja wake wengi ni waendesha bodaboda na akina mama wanaowahi hospitali. Mumewe, Nazari, alikuwa fundi wa kuchonga mitumbwi. Alifariki miaka tisa iliyopita, akamwachia binti mmoja, Digna, na nyumba ya vyumba viwili. Mtumbwi wa mwisho aliouchonga hakumwachia yeye, maana uliagizwa na klabu. Lakini kila mtu alijua kwamba nafasi ya nyuma ya mtumbwi ule, anapokaa mwenye kuongoza, ilikuwa ya Wilhelmina. Nazari aliichonga akimpima mkewe kwa macho, akasema, "Hapa hakai mtu mwembamba. Atateleza."

Klabu yenyewe ni Klabu ya Makasia. Iliundwa na watu waliokuwa wakivusha abiria kwa mitumbwi zamani, kabla ya daraja. Daraja lilipokamilika walibaki na makasia na misuli, kazi hawana, wakaona bora washindane kuliko kukaa wakitazama magari yakipita juu ya vichwa vyao. Mashindano hufanyika mwezi wa sita, maji yakiwa yameanza kurudi mtoni, mpunga ukiwa umevunwa na watu wana chakula na nafasi ya kucheka. Jumamosi ni mchujo, Jumapili ni fainali. Timu huja kutoka Mang'ula, huja na wafanyakazi wa mashamba ya miwa, na kuna timu ya bodaboda wa Ifakara ambayo kila mwaka huzunguka palepale kama bata aliyevunjika bawa moja, na bila wao sherehe haina ladha.

Maana watu hawaendi pale kwa ajili ya mitumbwi tu. Mbio moja inachukua robo saa, na siku ni ndefu. Spika hupiga singeli mpaka vijana wanalowa jasho. Wazee hucheza ngoma yao ya sangula. Watu huvuta kamba, hukimbia na magunia. Kwa miaka kumi na mmoja aliyefungua uwanja alikuwa Wilhelmina. Jumamosi asubuhi, akiwa bado na unga mikononi, alisimama mbele ya majukwaa ya mbao akaimba wimbo mpya alioutunga mwaka huo, wimbo unaomtaja kila nahodha na aibu yake. Ukitajwa na Wilhelmina ulijua kwamba wewe ni mtu. Kisha alirudi jikoni, maana masufuria ya wali na kambale wa kuchoma yalikuwa chini yake pia. Na Jumapili alikaa nyuma ya mtumbwi wa akina mama, akauongoza.

Hakuwa na mali. Alikuwa na siku mbili hizo.

Mshereheshaji wa klabu, na vilevile mtunza vifaa, alikuwa Egidius. Ukoo wa Egidius na ukoo wa Wilhelmina ni watani tangu enzi za mababu, wale wa kuzikana na kuchekana. Mama yake Egidius alipofariki, Wilhelmina ndiye aliyevaa kanga za marehemu akapita katikati ya waombolezaji akichechemea kama yeye na kuwagombeza kama yeye, "Nani kaacha kuku wangu waingie kwenye mpunga?" mpaka Egidius, ambaye alikuwa hajala siku tatu, akaangua kicheko, akalia, akaomba chakula. Jioni ile alimshika mkono akamwambia, "Mtani, mimi nilikuwa nimezikwa pamoja na mama. Umenifukua." Maneno hayo Wilhelmina anayakumbuka kuliko Egidius mwenyewe.

Sasa, kuna mchezo mmoja wa Jumapili ambao wageni huuona wa ajabu. Kabla ya chakula, watani hufungua mahakama yao. Mtu anakamatwa, anafungwa mikono kwa kamba ya ukindu, anasomewa shitaka la upuuzi mtupu. Utaratibu wake wenyeji wanaujua. Mshitakiwa hakatai. Akikataa anakuwa amekunja uso mbele ya mtani wake, na hiyo ni aibu kubwa kuliko shitaka lenyewe. Anakiri, analipa faini ya kucheza au kuimba, halafu yule yule aliyemfunga anamfungua kwa mkono wake na kusema kwa sauti, "Nimekutania." Hapo maneno yote yanakufa. Kamba ikifunguliwa na mwingine, au neno lisiposemwa, shitaka linabaki hai. Bibi Mwanabaraka, mama mtu mzima mwenye duka la nguo karibu na stendi, ambaye asili yake ni pwani lakini amezeekea Ifakara, husema kesi ya namna hiyo ni kama mfupa wa samaki: hauui, ila kila ukimeza unakukumbusha.

Jumapili ya mwaka ule, miaka miwili iliyopita, Egidius alimkamata Wilhelmina jikoni, mwiko ukiwa bado mkononi. Alikuwa amejivika kipande cha chandarua kichwani kuwa ndiyo nywele za jaji. Alimfunga mikono, akamleta katikati ya uwanja.

"Mwanamke huyu mnamjua?"

"Tunamjua!"

"Mrefu, mnene, au mlafi?"

"Vyote!"

"Mama Digna," Egidius akasema, akijikohoza kama mheshimiwa, "mahakama imepata habari kwamba umeiba majaketi ya kuokolea ya klabu, ukayachana, ukashonea mito ya kulalia. Una hatia, au una hatia sana?"

Uwanja ukalipuka. Wilhelmina aliwaona vijana wakinyanyua simu zao. Na hapa ndipo majuto yake yanapoanzia, kwa sababu neno moja lingetosha. Angesema "nina hatia" akaishia hapo. Lakini yeye alikuwa mtu wa uwanja, na uwanja ulikuwa unamtazama.

"Nina hatia sana, mheshimiwa!" akajibu. "Na mito yenyewe ni mitamu. Tangu nianze kuilalia sijazama hata ndotoni!"

Watu wakaangukiana.

"Na majaketi yaliyobaki?"

"Nimewauzia watu wa mpunga! Na mwakani nitaiba tena, mkae mkijua!"

Akalipa faini yake kwa kucheza sangula na sufuria kichwani, mikono imefungwa mbele. Hata timu ya wafanyakazi wa miwa, watu wa kutoka mikoa yote ambao hawajui mtani ni nani, walisimama wakapiga makofi. Alikuwa anamwendea Egidius amfungue ndipo kelele zikatoka ukingoni kwamba mitumbwi ya fainali ya wanaume imeonekana kwenye kona. Watu wote wakakimbilia majini, Egidius akiwa wa kwanza, kipaza sauti mkononi. Wilhelmina akabaki amesimama katikati ya uwanja mtupu. Akasikia harufu ya wali unaoanza kuungua. Alizungusha viganja, kamba ikateleza, akaivua mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akakimbilia sufuria lake.

"Umeivua mwenyewe?" Bibi Mwanabaraka alimuuliza jikoni, akichambua kitunguu.

"Wali unaungua, bibi."

"Mh," akasema bibi.

Jumatatu walikuja watu wa kambi moja ya watalii, ng'ambo ya mto, kuchukua majaketi yao. Walikuwa wameiazima klabu majaketi ishirini na manne. Yakahesabiwa kumi na manne. Wakahesabu tena. Kumi na manne.

Wilhelmina aliitwa akitoka kwenye vitumbua vyake. Alikuta wamekaa chini ya banda la klabu: Egidius, wageni wawili, na katibu, Festo, kijana msomi wa ofisi za utafiti, mwenye adabu na haraka. Ufunguo wa stoo ulikuwa wa Egidius, lakini Jumapili nzima ulining'inia jikoni, kwa sababu sahani na mkaa vilikuwa stoo humo humo. Hilo lilikuwa kweli, na Wilhelmina hakulikana. Ndipo Festo akatoa simu, akaiweka juu ya meza, na sauti ya Wilhelmina ikatoka humo ikicheka: na mwakani nitaiba tena, mkae mkijua.

"Mama, hapa umesema mwenyewe," Festo akasema kwa upole.

"Huo ni utani, mwanangu. Niulize nani alinifunga."

"Nakuelewa, mama. Lakini wenye mali si watani wako."

Wote wakamtazama Egidius. Wilhelmina naye alimtazama, tena bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemtazama ndugu yake akitafuta chenji mfukoni. Alisubiri acheke. Alisubiri aseme, nimekutania.

Egidius alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Utani ni utani," akasema. "Lakini mtu anajua moyoni mwake alichokisema."

Wilhelmina akageuka, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Waliokuja kupekua nyumba walikuwa Festo, wapiga kasia wawili, na balozi wa nyumba kumi, aliyekuja kwa kuvutwa na kusimama mlangoni akiangalia angani. Wilhelmina alikuwa na mito sita ya sufi. Miwili aliidarizi kwa mkono wake, maua mekundu na jina ambalo Bibi Mwanabaraka alimchorea kwa chaki alifuatishe kwa uzi: DIGNA. Ilikuwa ya siku ya kuolewa mwanawe. Wakaileta uani. Mmoja wa wapiga kasia akasema, "Samahani mama," akachana. Sufi ikatoka. Upepo ukaichukua, ikaenda juu ya kuku, juu ya maharage yaliyoanikwa, juu ya nguo za jirani, nyeupe kila mahali. Jirani alianza kucheka kwa mazoea, kwa kuwa nyumba ya Wilhelmina ilikuwa nyumba ya kuchekesha. Kisha akaanza kuanua nguo zake.

Hawakukuta jaketi hata moja. Lakini kutokukuta hakukumsafisha. Kwani hakusema mwenyewe kwamba mengine amewauzia watu wa mpunga?

Hakuna aliyempeleka polisi. Labda wangempeleka angepona haraka, maana kule mtu huulizwa, na majibu yake huandikwa. Walimwacha tu. Mwaka uliofuata jikoni alikuwa mtu mwingine, na wali, wanasema, ulikuwa na mawe. Uwanja ulifunguliwa na spika. Kambi ilikataa kuazima tena, na bila majaketi mbio za akina mama zikafutwa, na wenzake waliokuwa wakipiga kasia mbele yake, wanawake aliowafundisha kushika maji kwa kasia, walimwona sokoni wakageukia nyanya. Mwaka huu klabu ikapata majaketi kutoka mahali pengine na mbio zikarudi. Nafasi ya nyuma akapewa Aneth, mke wa fundi baiskeli, msichana mwembamba. Alikuja nyumbani kumwarifu kwa heshima. "Shikamoo mama. Wamenipa mimi. Nifanyeje?"

"Marahaba. Ukifika kwenye kona usiuachie mto uamue. Wewe ndiye uamue kwanza," Wilhelmina akamwambia. Kisha akaingia ndani, kwa sababu aliona kama mtu anapewa mumewe.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka miwili, akigeuza vitumbua na kugeuza maneno yake yale. Wakati mwingine mteja alisimama mbele yake na noti mkononi, yeye mawazo yakiwa uwanjani. Alijilaumu kwa kicheko chake, kwa sufuria kichwani, kwa kuivua kamba kwa ajili ya wali. Aliwaza, ningeacha uungue. Watu mia tatu wangekula ukoko siku moja wakasahau.

Wiki moja kabla ya mashindano ya mwaka huu, alifika kwenye vitumbua vyake Msukuma mmoja, mkulima wa mpunga anayeishi upande wa juu wa mto, jina lake Masanja. Alikuwa amekuja kuuza mchele, amekaa juu ya magunia yake nyuma ya guta. Juu ya shati alivaa jaketi la rangi ya chungwa lililopauka.

"Shikamoo mama. Vitumbua vya moto vipo?"

Wilhelmina hakuitikia. "Jaketi hilo umelipata wapi?"

"Hili? La Egidius wa klabu." Masanja alisema bila kuficha, huku akichagua kitumbua. "Mwaka juzi vibarua wangu walikuwa wanavusha mpunga na hawajui kuogelea. Nikamwomba, akaniazima kumi, Ijumaa ya kabla ya mashindano, niyarudishe Jumamosi. Mtumbwi ukakwama, nikachelewa mpaka Alhamisi. Nilipomrudishia akaniambia, kaa nayo tu, usiyalete tena, huku kuna maneno. Kwani vipi mama? Mbona umekaa chini?"

Ijumaa. Kwa hiyo alipojivika chandarua Jumapili alikwishajua kwamba yamepungua kumi. Alijua kwamba Jumatatu watakuja kuhesabu. Alitafuta mtu wa kumtupia kosa mapema, akamtafuta mahali ambapo mtu hawezi kukataa.

Alimsimulia Masanja yote, mafuta yakiungua. Masanja alivua jaketi taratibu, akaliweka kwenye benchi.

"Chukua mama. Mengine tisa yapo ghalani, panya wanayafaidi."

"Njoo nami Jumapili uwaambie."

Alitikisa kichwa. "Mimi huku ni mgeni, nina ng'ombe, na wenye ng'ombe hatupendwi. Nikisimama pale watasema tuliiba wawili."

Wilhelmina aliona kwamba ni kweli, hakumlazimisha.

Jumapili alikwenda peke yake. Alikuwa ameitunza ile kamba ya ukindu siku zote. Alivaa gauni lake la kanisani, juu yake lile jaketi, akajifunga kamba mikononi kwa meno, kama ilivyokuwa. Alifikiri watu wakiona jaketi wataelewa, na Egidius akiona kamba ataona haya. Sheria ya watani iko wazi: aliyefunga akijiwa na aliyefungwa, hana pa kukimbilia. Ndivyo alivyofikiri njia nzima, kutoka Lumemo mpaka mtoni.

Alifika mahakama ya watani ikiwa imemalizika kumfunga mwendesha bodaboda mmoja kwa kosa la kumpakia mbuzi bila kofia ngumu. Watu walikuwa wamelegea kwa kicheko. Wilhelmina akapita katikati yao mpaka mbele ya Egidius, akanyoosha mikono.

"Mtani. Nifungue."

Aliona macho ya Egidius yakishuka kwenye jaketi, yakakaa hapo, na uso wake ukawa wa mtu anayeitwa na mama yake aliyekufa. Kwa muda wa pumzi moja Wilhelmina alijua kwamba atasema.

Kisha Egidius akanyanyua kipaza sauti.

"Jamani! Mwizi kaona haya, karudisha mali!"

Uwanja ukaanguka. Vicheko vilitoka majukwaani, vikatoka jikoni, vikatoka kwenye mitumbwi iliyofungwa ukingoni. Watu walifurahi kweli kweli, wengine kwa kuwa walimkumbuka na walikuwa wamemkosa. "Mama Digna karudi!" "Na yale tisa je?" "Yanalaliwa!" Simu zikanyanyuliwa. Alifungua mdomo aseme, haya majaketi Egidius alimwazima Masanja Ijumaa kabla ya mashindano, na akasema, maneno yote, kwa mpangilio, na kila alipotaja jina walicheka zaidi, maana hakuwahi kuwaambia kitu pale isipokuwa cha kuchekesha. Ndiye aliyewafundisha hivyo, miaka kumi na mmoja.

Akaondoka uwanjani. Nyuma ya jiko, penye kuni, alisikia hatua, akajua ni za nani.

"Mama Digna." Egidius alikuwa ameacha kipaza sauti. Bila hicho alionekana mzee. "Nilidhani yatarudi Jumamosi. Nilidhani, likizuka jambo, tutalicheka pamoja mpaka nipate nafasi ya kuyaleta. Nilipokuona Jumatatu unanitazama, nikashindwa. Halafu siku zikapita, ikawa vigumu zaidi."

"Mito ya mwanangu ilichanwa."

"Najua. Nitakuletea magunia mawili ya mchele. Nitanunua na mito."

"Nifungue."

Alisogeza mikono, akaigusa kamba.

"Siyo hapa," Wilhelmina akasema, akairudisha mikono kifuani. "Hapa hukunifunga. Ulinifunga pale."

Egidius alitazama uwanja. "Wananitaka uenyekiti wa klabu mwezi ujao. Na binti yangu anaposwa. Nikisimama pale leo, mtani, nitamaliza nyumba yangu yote."

"Mimi ulipomaliza yangu ulikuwa umevaa chandarua."

Alibaki akitazama chini, kwenye vidole vya miguu, palepale alipotazama Jumatatu ile. Mtu akamwita kutoka kwenye spika: mshereheshaji, mshereheshaji, akina mama wameonekana kwenye kona. Akamtazama Wilhelmina kana kwamba ni yeye anayepaswa kumruhusu. Hakumruhusu, na hakumzuia. Akaenda.

Mtumbwi wa Nazari ulipita ukiwa wa pili. Aneth aliiachia kona kidogo, ila hakuteleza.

Wilhelmina alirudi nyumbani kwa miguu na kamba mikononi. Wapita njia walicheka kwa upendo, akawaacha wacheke. Nyumbani alimwomba Digna amfungue, kisha mwenyewe akasita, akamwambia basi. Aliivua mwenyewe kwa mara ya pili, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda, pamoja na jaketi. Mito aliishona upya mwaka ule ule, ila jina halikukaa sawa, herufi mbili zimekutana kwenye mshono.

Festo anadaiwa mito miwili, na angeweza kuilipa kwa kuja tu na kuomba radhi, maana ni kijana na alikosea kwa haraka. Klabu inadaiwa nafasi ya wimbo wa ufunguzi, miaka miwili. Hayo ni madogo, na Wilhelmina yuko tayari kuyasamehe. Anayedaiwa ni Egidius. Anadaiwa asimame mchana, uwanjani pale, watu wakiwa wamejaa, afungue fundo kwa mikono yake na aseme, "Nimekutania, na majaketi nilitoa mimi." Mchele asilete. Kamba ipo kwenye msumari, na anapajua nyumbani.